Bi Mkubwa wa Bati

Kwanza kopo hukatwa midomo yote miwili, hupasuliwa ubavuni, kisha hulazwa juu ya jiwe na kugongwa polepole mpaka bati lisahau kwamba liliwahi kuwa duara. Hapo ndipo Grisi huanza kazi.

Jina la Grisi alipewa na kaka yake, siku ya kwanza alipomfuata kazini kwenye machimbo ya mawe, akiwa kijana mwembamba kama waya. Kaka alikuwa dereva wa kijiko cha kuchimbia, mashine kongwe ya kamba za chuma ambayo wafanyakazi waliiita Bi Mkubwa, kwa sababu ilikuwa na umri mkubwa kuliko mashine zote pale, haikuharakishwa na mtu, na ikikasirika kazi yote ilisimama. Mdogo mtu akawa mpakaji wake wa grisi. Kazi yake ilikuwa kuingia chini ya tumbo la mashine na bomba la grisi, kutafuta kila tundu na kila kiungo, na kulisha mpaka grisi ya zamani itoke imechafuka. Akimaliza alitambaa nje, akachukua spana na kugonga mnyororo wa mashine: ko! ko! Ndipo kaka, kule juu kibandani, aliposhika fimbo za kuendeshea na kunyanyua ndoo.

Bila kusikia mlio huo, hakunyanyua. Msimamizi alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, madereva wa malori walipiga honi, na yeye alikunja mikono akatazama mawingu.

"Mdogo wangu yuko chini," alisema. "Nikimsaga, mama nitamwambia nini? Nitamwambia wewe ulikuwa na haraka?"

Kitu kimoja tu kaka alimnyima: kiti. "Kiti hiki hakikaliwi na mwenye mikono ya grisi," alisema, akifuta vishikio vya fimbo kwa kitambaa safi. "Tulia. Siku yako itakuja, nitakufundisha mwenyewe." Grisi alitulia. Alisimama juu ya mnyororo, mbele ya kibanda, akiangalia kupitia kioo jinsi mikono ya kaka ilivyocheza na fimbo zile tatu, na alingoja siku yake.

Siku hiyo haikuja. Kilichokuja ni mwisho wa mlima. Mawe yalipokwisha, kampuni ilifunga ofisi, ikapakia meza na mafeni, na wakubwa wakaondoka kwa magari yaliyofungwa vioo. Watu waliokuwa wamekula vumbi kwa miaka yao yote ya nguvu walisimama getini kama watoto waliosahauliwa shuleni. Nani aliwauliza mtakwenda wapi? Nani alikuja hata mara moja kusikiliza vile vifua vinavyokorota? Barabara nzuri za mji zilijengwa kwa mawe yao, na hakuna jiwe hata moja lililoandikwa shukrani. Bi Mkubwa aliachwa palepale chini ya mwamba, ndoo yake ikiwa imeegemea ardhi, kama mtu aliyeinama kuokota kitu akafia njiani.

Tangu hapo Grisi alikuwa akitengeneza mashine za bati. Juu ya rafu ya chumba chake zilijipanga: greda lenye uso mrefu, roli la kushindilia barabara, lori la mawe lenye pua kama ya nguruwe. Matairi aliyachonga kwenye soli za ndala. Taa za mbele zilikuwa vifungo vya shati. Zile ribiti za bodi, misumari butu ya kuungia chuma, zinazofuatana kama mstari wa siafu alizitoboa moja moja kwa ncha ya msumari kutoka upande wa ndani, ili kwa nje zitokeze kama vipele. Kutu aliipaka kwa majani ya chai yaliyosagwa na gundi. Hakuwa na rula. Kila shubiri ya mashine ya kweli ilikuwa pingili moja ya kidole gumba chake, basi. Watoto wa mtaa waliomba kuchezea, akakataa, wakamwita mchoyo. Watu wazima waliuliza anauza, akasema hapana, wakamwita chizi. Alikubali majina yote mawili.

Bi Mkubwa peke yake hakuwahi kumtengeneza. Mashine nyingine alizifahamu. Ile ilimlea, na mtu haharakishi kumchora mzazi wake asije akamkosea.

Mke wake alipofariki, shemeji yake, yaani mke wa kaka, alimwita akae chumba cha uani kwao. Alikuja kwa ajili ya upweke wake, akakuta kazi. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia kaka kama maji yanavyoingia chini ya mlango: kwanza unyevu kidogo, baadaye nyumba nzima. Alianza kwa kusahau kofia. Akaja kusahau njia ya msikitini, halafu jina la mkewe. Sasa kaka alimwita shemeji "dada muuguzi", akimshukuru kwa adabu kila alipomlisha, jambo lililomuumiza mama wa watu kuliko kama angetukanwa.

Na Grisi? Grisi alikuwa mgeni asiyependwa.

"Huyu mzee anataka nini hapa kila siku?" kaka aliuliza, akimkodolea macho.

"Ni mdogo wako huyo," shemeji alisema.

"Mdogo wangu ni kijana. Huyu amezeeka hivi, unanifanya mtoto?"

Grisi alicheka, maana afanyeje. Halafu alitoka uani akakaa na bati lake, na kucheka kukamwishia.

Ilitokea asubuhi moja aliacha greda juu ya meza ya sebuleni rangi ikauke. Kaka, ambaye alikuwa hajatoa neno la maana kwa majuma, alilisogelea, akapitisha kidole kwenye lile jembe lake refu, na kusema wazi kabisa, kwa sauti yake ya zamani, "Hii imeoshwa vibaya. Grisi yuko wapi?"

Shemeji aliangusha mwiko. Grisi alikimbia kutoka uani, akachuchumaa mbele yake. "Nipo, kaka! Mimi hapa!" Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Macho yalimpita kama dirisha.

Hata hivyo alikuwa amesikia jina lake. Mtu mwenye kiu akisikia bomba limetoa sauti moja tu, hatoki tena pale. "Shemeji," alisema, "kama greda tu, ambalo hakuliendesha hata siku moja, limemtoa huko aliko, je, Bi Mkubwa? Nikimwekea Bi Mkubwa mbele yake, na fimbo zake, mikono yake ishike, atanijua. Mara moja tu anijue."

Shemeji aliokota mwiko, akaupangusa. "Mimi nilishalia nikamaliza," alisema mwishowe. "Nimejizoesha. Usinirudishe kwenye matumaini, shemeji, huko ndiko kunakouma."

Grisi hakumsikiliza. Alikwenda machimboni kumpima Bi Mkubwa, na huko alikuta vijana wa vyuma chakavu wameshaanza kumla. Moto wa kukatia chuma ulikuwa unanguruma. Kibanda kilikuwa kimeondoka, na fimbo zake na kiti chake, vimepakiwa jana yake. Pale kilipokuwa palikuwa na tundu lenye kingo nyeusi.

"Shikamoo mzee. Umepotea?"

"Marahaba. Nataka kumpima kidogo, wanangu, kabla hamjamaliza."

Walimwacha. Alitambaa juu ya minyororo kwa shubiri, akapanda mkono wa mashine kwa shubiri, akilala kifudifudi juu ya kutu kama mtu anayemkumbatia mgonjwa. Mmoja wa vijana aliinua miwani yake ya moto akacheka. "Mzee, unampima sanda?"

"Ndiyo," alisema Grisi, na yule kijana akaacha kucheka.

Alirudi akaanza. Minyororo aliitengeneza kwa cheni za baiskeli, na kamba za kunyanyulia kwa waya za breki. Vyote hivyo alivipata kwa fundi baiskeli wa pembeni ya mtaa, kijana mwenye mdomo usiofunga.

"Mzee wangu, baiskeli gani hii inayokula cheni namna hii? Au umeoa tena, unamsukia mkufu?"

"Lete waya, acha maneno."

"Huyu bibi harusi wa chuma, siku akizinduka akikuuliza matumizi ya ndani, utakoma!"

Alicheka naye, akabeba vyake. Chuma cha kulehemu alikipasha kwenye jiko la mkaa. Mikono ilimtetemeka, kwa hiyo alijifunza kungoja katikati ya mtetemo mmoja na mwingine, akadondosha tone la risasi iliyoyeyuka, akarudi kungoja. Vidole viliungua. Kifua kilikorota. Alitengeneza winchi ya kukunjia kamba, inayozunguka kwa kweli, na ndoo yenye meno yake, na lile jino moja lililokuwa limevunjika kwenye mashine ya kweli alilivunja pia. Mwisho akaja kwenye kibanda. Alikipa paa linalofunuka kama kifuniko cha sufuria, ili mkono wa mtu uingie. Kwa fimbo alitumia spoki, na juu ya kila spoki shanga nyeusi. Hapa hakuwa na kipimo zaidi ya kumbukumbu. Alifumba macho, akajirudisha kijana, akasimama juu ya mnyororo, akatazama kupitia kioo. Ya kunyanyulia: ile ya upande huu. Ya kuzungushia: ya upande ule. Ya kusukumia ndoo: katikati. Alikuwa na hakika kama ya jina lake.

Siku ya kumwonyesha, shemeji alimvalisha mumewe shati safi. Bi Mkubwa alisimama juu ya meza, mkono wake umefika ukingoni, na mbele yake sahani ya kokoto. Kaka alitazama. Midomo ilianza kumcheza. Akakaa kitako vizuri, akakunja mikono ya shati, kisha akapeleka vidole kibandani bila kuangalia, kama mtu anayetafuta swichi ya chumba chake mwenyewe gizani.

"Bi Mkubwa," alisema.

Grisi alishika ukuta.

Kaka akavuta fimbo ya kushoto. Mashine haikunyanyua. Ilizunguka kwa nguvu, mkono wa bati ukapiga kikombe cha chai, kikaruka kikavunjika sakafuni. Kaka alipiga yowe. "Nimemgonga! Nimemgonga mtu!" Aliruka nyuma kiti kikaanguka, akajibana kwenye pembe ya ukuta akifunika uso, mzee mzima, akilia kwa kwikwi. "Mama nitamwambia nini? Jamani, nimemuua, mama nitamwambia nini?"

Siku nzima walimbembeleza. Hakula. Kila alipoona meza ile alitetemeka. Jioni shemeji alisimama mlangoni mwa chumba cha uani, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka tu. "Kiondoe kitu chako. Alikuwa amesahau kila kitu, lakini alikuwa na amani. Umemchimbulia hofu pekee aliyokuwa ameizika."

Grisi alifunika mashine kwa gunia. Siku zilizofuata hakugusa bati. Alikaa mlangoni mikono mapajani, akijisikia mtu asiye na mbele wala nyuma. Kosa liko wapi? Alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia duniani, kwamba aliijua ile mashine, na hata hicho kilikuwa kimemponyoka.

Alikwenda kumrudishia fundi baiskeli waya zilizobaki. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu la nyuma la baiskeli iliyosimama kati yao, na Grisi alisimama mbele yake, ameuelekea usukani.

"Hebu nishikie breki ya kushoto, mzee wangu."

Grisi akashika.

"Ya kushoto nimesema! Hiyo ya kulia."

"Hii ni kushoto."

"Kushoto kwako, mzee, umesimama mbele ya baiskeli! Panda ukae kwenye kiti ndiyo utajua kushoto iko wapi."

Fundi aliendelea kucheka huku akifanya kazi, na ilimchukua muda kugundua kwamba mzee hajaiachia breki. Alikuwa ameishikilia, macho yametoka.

"Sikuwahi kukaa," Grisi alisema. "Sikuwahi kukaa kwenye kiti."

Miaka yote ile alikuwa amesimama mbele ya kioo. Mashine nzima aliijua kutoka chini na kutoka nje, mahali walipo wapaka grisi, na kutoka huko mkono wa kushoto wa kaka ulikuwa upande wa kulia wa dunia.

Kulirekebisha kosa lile ilikuwa kazi mbaya kuliko kuanza. Alilazimika kuyeyusha viungo alivyovifunga, kung'oa sakafu ya kibanda, kupitisha waya upya kwenye njia ambazo hazikupenda. Bati lilipasuka, akaunga. Alifanya bila furaha, kama mtu anayefukua na kufukia. Na alipomaliza, alimwomba shemeji mara moja ya mwisho, na shemeji, ambaye moyo wake haukuwa wa chuma ingawa alijitahidi, aliondoa vikombe vyote mezani, akatandika kitambaa kirefu ili kitu kisidunde, akasimama karibu.

Kaka alisita. Akanusa ile harufu ya mafuta. Mkono wa kushoto ukaingia, ukavuta, na ndoo ikapanda. Mkono wa kulia ukazungusha. Ule wa kushoto ukaachia, ukashika ya katikati, ndoo ikasukumwa mbele, ikashuka, ikala kokoto. Vile vidole ambavyo havikuweza tena kufunga kifungo vilikwenda vikirudi bila kukosea, vyepesi, na uso wa kaka ulinyooka ukawa uso wa mtu. Shemeji aliziba mdomo kwa mkono wake.

Ghafla kaka akasimamisha kila kitu. Akatoa mikono kibandani, akainama kutazama chini ya meza.

"Grisi!" aliita.

"Naam, kaka!" Grisi alipiga magoti mbele yake, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu. "Nipo. Nipo hapa, kaka yangu."

Kaka akamtazama. Alimtazama vizuri, juu mpaka chini, kwa heshima anayostahili mtu mwenye mvi.

"Mzee wangu, sogea tafadhali. Hapa ni kazini, utaumia. Mdogo wangu yuko chini ya mashine."

"Ndiye mimi, kaka. Grisi."

"Mzee, usinicheleweshe. Nikimsaga yule mtoto, mama nitamwambia nini?" Kisha akainama tena, na sauti ikaanza kupanda. "Grisi! Toka! Mbona hatoki? Mbona hagongi?" Akakunja mikono kifuani. Ile hofu ya juzi ilikuwa inarudi, ilionekana ikimpanda kutoka shingoni.

Grisi alitoa spana mfukoni akagonga mnyororo wa bati, ko! ko!

"Usiguse mashine, mzee!" kaka alifoka. "Wewe ni nani? Nani kamruhusu huyu?"

Shemeji na Grisi wakatazamana. Grisi alishika ukingo wa meza, akashusha goti moja, akashusha la pili, akainua kile kitambaa kirefu na kuingia chini, mzee wa mvi, akijikunja kati ya miguu ya meza kichwa kimegusa mbao. Kitambaa kikashuka nyuma yake. Humo ndani alinyoosha mkono, akagonga mguu wa meza kwa spana.

Ko! ko!

"Haa!" kaka alipumua. "Ametoka. Dada muuguzi, umemsikia? Nilianza kuogopa." Na juu ya kichwa cha Grisi winchi ikaanza kuzunguka, na kokoto zikaanza kumwagika kwenye sahani. "Grisi!"

"Naam, kaka."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe. Sauti yako ya njaa naijua. Tukitoka utakula kwangu."

Ndivyo ilivyokuwa siku ile, na ndivyo ilivyokuwa zilizofuata. Akiwa chini ya meza, asiyeonekana, alikuwa na kaka. Akitoka nje kunyoosha mgongo, alikuwa yule mzee ambaye hakuna ajuaye anataka nini. Alijaribu kutoka polepole, akiendelea kuongea, ili sauti imvushe mpaka kwenye uso. Kaka alikatika katikati ya neno na kumkodolea macho. Alijaribu mara nyingine, na kilio kikaanza, na baada ya hapo hakujaribu tena. Magoti yalimuuma. Kifua kilikorota kwenye ile nafasi finyu yenye harufu ya mbao na mafuta. Shemeji alipopitisha bakuli la uji chini ya kitambaa, hakumwangalia usoni, na yeye hakumwangalia.

"Grisi," kaka alisema mchana mmoja, mikono yake ikifanya kazi bila haraka.

"Naam."

"Umeivumilia hii kazi, mdogo wangu. Usidhani sioni. Siku zako za huko chini zinakwisha. Kesho ukija na mikono misafi, nitakuweka kwenye kiti, nikufundishe mwenyewe."

Grisi aliitazama mikono yake gizani chini ya meza. Ilikuwa misafi. Ilikuwa misafi tangu machimbo yalipofungwa.

"Haya, kaka," alisema, na akagonga ko! ko! ili kazi iendelee.